Zero Mbili za Dorcas

Watoto wangu wa informatique, mulinialika nikuje kuwaambia namna tulitumikaka zamani, na mimi nilikubali mbio, mbele ya ninyi kubadilisha mawazo. Mwalimu wenu ananiita "ingénieur". Musimusikilize. Mimi na shule tuliachana kwa quatrième secondaire, bila fujo: shule ilibaki hapa Bunia, na mimi nilibaki hapa Bunia, tukipitana kwa barabara tunasalimiana. Kila kitu najua, niliijua kwa kuiharibisha kwanza.

Leo nitasema juu ya kitu moja kidogo tu: namna ya kugeuza maandiko ya hexa, ile hesabu inatoka zero mpaka tisa kisha A mpaka F, yakuwe octets. Najua munacheka. Kwa machine zenu za leo ni mustari moja. Unaita fonction, inakupa tableau ya octets, unaenda kunywa chai. Sawa. Lakini ile mustari moja, kwa mikono yangu, ilitaka kuvunja ndoa ya watu, na ile ndoa haikuwa ya kuchezea. Nitafika pale. Tuanze na mukate.

Kulikuwa Mama Zawadi, mwenye boulangerie. Alinunua panneau ya taa, ile inapitisha maneno mekundu kwa mulango, alitaka iandike MUKATE. Akaniita mimi, juu nilikuwaka natengeneza radio na téléphone, na kwa macho ya watu mutu anayeshika tournevis anajua vyote. Sasa ile panneau haisikii maneno, inasikia octets. Octet ni namba, kutoka zero mpaka deux cent cinquante-cinq, 255, basi. Mwenye kuuza alisema kila herufi iko na code yake ya hexa: M ni 4D, U ni 55, K ni 4B, vile vile mpaka mwisho. Nikapanga zote vizuri, 4D554B415445, nikaziweka kwa programme katikati ya guillemets, zile alama za kusema, kama maneno, nikatuma.

Panneau ikaonyesha 4D554B415445. Inatembea toka kuume mpaka kushoto, nyekundu, bila haya.

Motards, wale wa kubeba watu na pikipiki, wakasimama. Moja anasema ni tombola, bahati nasibu. Mwingine ameshaiandika kwa mukono. Mama Zawadi akatoka na unga mpaka kwa masikio.

"Gaston! Mukate yangu iko na namba ya châssis?"

"Mama, ile ni MUKATE kwa luga ya machine."

"Basi uambie machine ikuje kununua!"

Hii kosa, musicheke, ninyi pia mutaifanya. Unaona 4D kwa écran, unafikiri ni octet moja. Hapana. Kwa machine ni herufi mbili, ile 4 na ile D, kila moja na octet yake peke yake. Mimi nilituma picha ya mukate, sikutuma mukate.

Njo pale nilikimbia kwa Madame Espérance. Alikuwa na secrétariat public, ya kuandikia watu makaratasi na machine, karibu na atelier yangu, ukuta moja tu inatutenga. Yeye alisoma informatique kabisa, kule Kisangani, mpaka mwisho, na hakunifichaka kitu hata siku moja. Kitu ilikuwa inamuchokesha ni kunifundisha mara mbili. Alinishika mukono, akanisimamisha kwa barabara.

"Gaston, unaona ile moto, ile pikipiki?"

"Naona, Madame."

"Inabeba clients wangapi?"

"Kama police iko mbali, watatu."

"Gaston."

"Wawili."

"Vizuri. Hexa ni vile. Kila moto ni octet, kila octet inabeba clients wawili. Hakuna moja, hakuna watatu. Client wa mbele unamuhesabu mara seize, kumi na sita. Wa nyuma unamuhesabu vile iko. A ni dix, kumi, B ni onze, unapanda hivyo mpaka F, quinze. Sasa nihesabie 4D."

Nikahesabu na vidole, mpaka vidole vikaisha. "Quatre mara seize, soixante-quatre. Tutie D, treize. Septante-sept, 77!"

"Ile njo M. Unatuma septante-sept, hautumi quatre na D."

"Na kama mwisho ya mustari kunabaki client moja peke yake?"

"Moto haiende. Unauliza mwenzake iko wapi. Usimupange na mutu wa kubuni."

"Na kama wa mbele ni zero?"

"Zero pia alilipa fasi yake. Zero anachunga fasi, Gaston. Ukimushusha, wengine wote watakaa mahali si yao."

Nikaitika kwa kichwa sana. Sasa munijue: mukiniona naitika kwa kichwa sana, sijasikia kitu.

Kesho yake MUKATE ikatembea kwa panneau. Mama Zawadi alinipa mikate ya kutosha, na mimi nikaanza kutembea kama mutu wa Kisangani.

Mbele ya kufika kwa ndoa, niwaambie tena batterie. Mutu moja alitia solaire kwa nyumba, na kontrola yake ilikuwa inasema hali ya batterie kwa hexa. Imejaa kabisa, inasema FF. Mimi nikageuza FF vizuri, wawili kwa moto, nikatia kwa octet. Programme ikaniambia: moins un. Nikatoka mbio kwa mwenye nyumba: "Papa, usiwashe kitu! Batterie yako iko chini ya zero!" Papa akakaa na bougie, mushumaa moja, batterie imejaa mpaka kwa shingo. Madame Espérance alipojua, alilala kwa clavier juu ya kucheka. Kuna langages, nusu ya octets inazihesabu na alama ya moins, na FF inakuwa moins un. Dawa yake ni kuifunika na masque ya FF, inarudi deux cent cinquante-cinq. Ile papa alinisamehe, lakini mpaka leo tukionana anauliza: "Fundi, leo jua iko ngapi? Moins?"

Sasa savon.

Munajua watu ya Bunia na namba za téléphone. Moja anakupa namba na zero mbele. Mwingine anakupa na 00243. Mwingine na plus. Mwingine anatosha vyote, anasema utajijazia mwenyewe. Mimi nilikuwa na modem, kile kijiti kidogo unachomeka kwa ordinateur na carte SIM ndani, na wachuuzi walikuwa wananilipa nitume messages kwa wateja wao. Bila kusafisha namba, nusu ya messages ilikuwa inapotea. Basi nikaandika fonction ya kutosha zero zote za mbele, ziondoke. Nikaiita savon, sabuni. Watoto, ile savon niliipenda! Ilikuwa fonction ya kwanza niliandika yote peke yangu na ikatumika mara moja. Nikaipaka fasi yote. Kila kitu ilitoka kwa modem, mbele ya programme kuihesabu, ilipita kwanza kwa savon: namba, jina, maneno, vyote; kwa écran tu ilibaki vile ilifika.

Hakuna kitu ilinipata, juu hakuna mutu anaanza message yake na zero. Nani ataandika "Zero mama, habari"?

Haya. Ndoa.

Ile ilikuwa miaka ya amani ya kushika na mikono mbili, polepole, isimwagike. Bunduki zilinyamaza, lakini watu walikuwa bado wanaangaliana. Deo alikuwa kijana wa hapa Bunia, mutoto wa Muzee Rubeni, watu ya ngombe tangu babu. Dorcas alikuwa binti ya kule juu, Kpandroma, watu ya shamba, viazi na maharagi. Walipendana vile watoto wanapendana, bila kuuliza nani alifanyia nani nini. Wazazi njo waliulizana. Wale wazee wa pande mbili hawakukaaka kwa meza moja tangu miaka mubaya. Ilichukua maombi, wapastori, watantine wale mashangazi, mpaka wakakubali: dot, kutoa mahari, itafanyika, kule Kpandroma, juma hii.

Na munajua dot kwetu. Ukichelewa, unalipa amende, mbuzi ao jogoo, watu wanacheka. Lakini ukikosa kufika kabisa, haiko amende tena. Ni tusi. Na kwa wale wazee, mwaka ule, tusi moja ilitosha kurudisha kila mutu kwa upande wake.

Téléphone ya Deo ilikuwa kwangu. Ilianguka toka juu ya moto, écran ikakuwa kama utando ya buibui. Nilikuwa nangoja écran ingine, na ili messages zake zisipotee, nilitia carte SIM yake kwa modem yangu. Programme yangu ilikuwa inachukua message kwa SIM, inaifuta pale, inaiweka kwa écran. Mimi mwenyewe niliiandika. Njo sababu ilikuwa vile.

Asubuhi ya dot, jua limeshapanda sana na wamechelewa, camionnette ikasimama mbele ya atelier, imejaa. Mbuzi, casiers ya sucré, zile soda, watantine na vitenge, na Muzee Rubeni mbele na koti na fimbo. Chauffeur anapiga klaxon. Deo akaruka chini, kravati iko kwa mabega.

"Papa Gaston, hakuna kitu ya Dorcas?"

"Iko kitu," nikasema. "Lakini sijui kama ni ya Dorcas ao ni ya banque."

Kwa écran kulikuwa namba ya Dorcas, na chini yake hii:

00540075006E0061

na inaendelea vile, mistari na mistari, zero na zero. Muzee Rubeni naye alishuka, akainama, akaangalia sana.

"Hii ni ngombe walizoomba?"

"Hapana, muzee."

"Juu kama ni ngombe, mutoto wangu abaki célibataire."

"Ni hexa, muzee. Kuna maneno ndani. Mimi naijua hii."

Nikanyoosha vidole. Kwa kweli nilifurahi: watu wamejaa kwa mulango, wote wanaangalia, na ni kazi ninajua. Wawili-wawili, wa mbele mara seize, wa nyuma vile iko. Nikaweka control pale pale, kama Madame alisema: je, clients wote wako na wenzao? Control ikasema ndiyo. Nikafinya.

Écran ikajaa Kichina.

Siongezi. Kichina, ile ya kwa makopo ya chai, mustari muzima: 吀甀渀愀, na mbele zaidi. Mutantine moja akafanya ishara ya musalaba. Muzee Rubeni akageukia Deo, polepole.

"Deo. Uliniambia binti ni wa Kpandroma."

"Ni wa Kpandroma, papa!"

"Anaandika vile kule Kpandroma?"

Nikafinya tena. Kichina ile ile. Tukapiga namba ya Dorcas na téléphone ya chauffeur: haipatikani. Kule juu walikuwa wanapanda kilima kutafuta réseau, wanatuma, wanashuka, imekwisha. Nikatosha SIM kwa modem, nikaitia kwa téléphone ya mutantine: mutupu. Programme yangu nzuri ilishaifuta.

Klaxon. Muzee Rubeni akapiga fimbo chini.

"Twende. Binti anatusalimia, basi. Anasema karibuni."

"Papa, hapana," Deo akasema. Alikuwa amekamata mulango ya camionnette na mikono mbili. "Dorcas hawezi kupanda kilima asubuhi ya dot juu ya kusema karibuni. Iko kitu imebadilika."

"Kama imebadilika na tumebaki hapa, watasema tumewakataa!"

"Na kama imebadilika na tumeenda?"

Wote wakaniangalia mimi. Watoto, hakuna shule inakutayarisha kwa ile macho. Nilifanya kitu moja ya akili ile siku yote: nikapiga ukuta na ngumi. "Madame Espé! Madame Espé, nakufa!"

Akafika na kichwa nusu imesukwa, nusu imesimama, juu yeye pia alialikwa kwa dot. Kitana iko ndani ya nywele. Akaangalia Kichina, hakushangaa hata kidogo. Akaifunika na mukono.

"Nionyeshe ile ilitoka kwa modem mbele ya weye kuigusa."

Hii muishike, ni kazi yote: chunga maandiko vile ilifika, mbele ya mikono yako. Bahati yangu ilikuwa bado kwa écran. Nikamuonyesha. Akasoma na kidole.

"Hii si message ya kawaida, ile herufi moja inapanda moto moja. Hapa herufi moja inachukua moto mbili. Ya kwanza inabeba zero zero. Ya pili inabeba herufi. 0054, T. 0075, u. 006E, n. 0061, a."

"Tuna..." Deo akasoma. "Tuna nini?"

"Ngoja. Gaston, sasa nionyeshe ile programme yako imehesabu."

Nikamuonyesha: 5400, 7500, 6E00, 6100.

"Unaanza na 54. Moto ya kwanza iko wapi?"

"Madame, ilikuwa mutupu, zero na zero..."

"Nani aliitosha?"

Nikaangalia chini. "Savon."

"Nani?"

"Fonction yangu ya namba za téléphone. Inatosha zero za mbele."

Akafunga macho kidogo, kama mutu anaomba.

"Umetosha moto moja kwa mbele. Sasa 54 haiko tena na zero zake, imeshika zero za jirani. 75 imeshika zero za jirani mwingine. Kila herufi kwa hii mustari imeoa muke wa mutu!"

Muzee Rubeni akakohoa.

"Lakini control ilisema wako wawili-wawili!"

"Ndiyo, juu ulishusha wawili. Wenye kubaki bado wanapangana wawili-wawili. Control inahesabu vichwa, haijui nani umeacha kwa barabara. Nilikuambia nini? Zero anachunga fasi."

Alikuwa ameniambia. Niliitika kwa kichwa sana.

Nikafuta savon kwa ile mustari. Niliandika vibaya, nikafuta, nikaandika tena. Nikafinya. Na Kichina ikaondoka, ikafika Swahili ya Kpandroma, safi:

"Tunashuka siye. Musipande. Dot ni Rwambuzi kwa tantine, saa sita"

na mwisho kabisa, kisanduku kidogo kitupu.

Watantine wote wakasema pamoja. Barabara ya juu ilikuwa na maneno ya hatari kwa watu wa kwetu ile wiki, tulisikia, lakini hatukufikiri wao watakubali kuteremka. Wale wazee, ambao hawakutakaka kukanyaga Bunia tangu miaka mubaya, walikuwa ndani ya gari wanakuja kwetu. Na siye tulikuwa tunataka kupanda kwao. Tungepitana kwa barabara na vumbi, wao wangefika Rwambuzi, hapa hapa Bunia, wakute lupango, ule uwanja ya tantine, mutupu, na nani angewaeleza savon?

Muzee Rubeni akaangalia saa yake. Saa sita ilikuwa imefika.

"Geuza gari!"

Deo peke yake hakutembea. Alikuwa bado kwa écran, kidole kwa kile kisanduku.

"Madame, na hii?"

Madame Espérance akaangalia mwisho ya hexa. Herufi zote zinaanza na zero zero, isipokuwa ya mwisho: 2764. Akatafuta kwa tableau ya herufi za dunia yote, ile iko na Kichina na Kiarabu na vitu vyote. Akaanza kucheka, kitana kikaanguka.

"Ni moyo, Deo. Amekutia moyo. Ordinateur ya Gaston haina ile sura, njo inatia kisanduku."

"Moyo?"

"Na ni hii moyo ilifanya yote. Alfabeti kidogo ya téléphone haina moyo. Ukitia moyo moja, message yote inalazimika kupanda moto mbili kwa herufi."

Deo akakuwa mwekundu, na mutu mweusi kama Deo kukuwa mwekundu ni kazi. Kwa nje, Muzee akapiga kelele: "Deo! Kuja na hiyo moyo yako, tunachelewa!"

Musimame kidogo hapa, niwape ya kazi, juu kule mbele kuna chakula na mutasahau. Maandiko ya hexa ikifika, kwanza utoshe kitu haiko hexa: espaces, mistari mipya. Ile unaweza. Zero haiko uchafu, ata kama iko mbele. Hesabu kama wote wako na wenzao. Kama moja amebaki, kataa, useme kosa, usijibunie. Ukiona herufi kama G ao Z, kataa pia. Fonction ya namba za téléphone, uiache kwa namba za téléphone. Na siku moja ukiona Kichina kwa ordinateur hapa Bunia, usitafute Muchina. Tafuta octet moja imepotea.

Tukafika Rwambuzi na mavumbi mpaka kwa meno. Kwa lupango ya tantine wa Dorcas, wao walikuwa wameketi tayari, upande moja, vizuri, na nguo za kanisa. Upande ingine, viti vitupu vinatungoja. Tukaketi. Kila upande unaangalia mikono ya upande mwingine. Niliona mama moja wa kwetu anatafuta macho ya mama moja wa kwao, akiyapata anaangalia chini.

Baba mudogo wa Dorcas akasimama, mutu murefu, sauti ya mutu anaitaka watu kwa shamba.

"Wakwe. Tulisema saa sita. Siye tumetoka Kpandroma, tumefika. Ninyi mumetoka hapa hapa." Akaonyesha jua na kidole. "Tuwasikie namna gani?"

Nikasikia fimbo ya Muzee Rubeni kwa mugongo wangu, ananisukuma mbele.

"Fundi ataeleza."

Basi nikaeleza. Sikuwa na maneno ya wakubwa, nikachukua yangu ya barabara. Nikasema moto, clients wawili. Nikasema savon. Nikasema zero mbili zenye kuchunga fasi, namna nilizishusha kwa barabara, na namna herufi zote zilioa wake za watu. Pale sauti moja ikatoka nyuma, upande wao, "Eeh!" Nikasema Kichina, na Muzee Rubeni, bila kuombwa, akasema: "Ni kweli, nilitaka kutafuta mutafsiri." Nikasema kisanduku ya mwisho.

"Na mule ndani mulikuwa nini?" baba mudogo akauliza.

Niliangalia Deo. Deo aliangalia mbuzi.

"Moyo, papa. Dorcas alitia moyo. Njo ilifanya message ikuwe nzito."

Kwa mulango ya nyumba, pale binti wanafichwa, tukasikia kitu imeanguka, kama sinia.

Baba mudogo alibaki amesimama. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikafikiri ni hasira, nikaangalia mahali mulango iko. Kumbe mutu anacheka. Alicheka mpaka akakamata kiti, na mama wa Dorcas akaanza, na yule mama wa kwetu wa kuangalia chini, na pande zote mbili, mpaka mbuzi zikalia.

"Amende," akasema, akipanguza macho. "Mbuzi moja kwa wakwe, ya kuchelewa. Jogoo moja kwa huyu fundi, ya kutupa zero za watu."

"Na mwenye kutuma moyo?" Muzee Rubeni akasema, na ilikuwa neno lake la kwanza kwa baba mudogo tangu miaka mubaya. "Yeye hana amende?"

"Yeye," baba mudogo akajibu, "atapika jogoo."

Jogoo nilinunua pale pale kwa jirani. Dorcas akaipika. Viti vilisogezwa, meza moja ikafanyika kwa meza mbili, na sahani zikaanza kupita mikono kwa mikono, toka upande wao mpaka upande wetu. Ya kwangu ikafika ya mwisho. Nikafunua.

Mifupa mbili, safi kabisa, zimepangwa ndani ya sahani, kwa mbele. Basi.

Nikainua macho. Baba mudogo wa Dorcas ananiangalia, na karibu naye Muzee Rubeni, bega kwa bega, wote wawili wamekaza uso kama majaji.

"Fundi," baba mudogo akasema, "zile usitoshe. Zinachunga fasi."

Nikaziacha vile ziko. Nikangoja, mikono kwa magoti, mbele ya wakwe wote. Na nyuma yake, nyama ikafika.